Pipa la mboji la kuzungusha: linafaa, ila tangazo lake limetiwa chumvi nyingi

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Ningetoa nne kama kijitabu cha maelekezo kingeandikwa na mtu aliyewahi kutengeneza mboji, maana hiki nilichopewa kina michoro mizuri kabisa ya kufunga skrubu, afu ukifika sehemu ya matumizi unakuta mistari michache tu: weka taka, zungusha, subiri wiki mbili, vuna. Wiki mbili! Jamani. Na kwenye boksi wameandika hivohivo kwa herufi kubwa, na picha ya mtu anacheka ameshika mboji nyeusi viganjani.

Kwa ambao hawajawahi kuliona, ni pipa la plastiki nyeusi lililolazwa ubavu, chuma kinapita katikati yake, limepandishwa kwenye miguu ya chuma kiasi cha kiunoni na unalizungusha kwa mkono. Ndani kuna ukuta unaoligawa vyumba viwili, kila chumba na mlango wake wa kuteleza, na pembeni kuna matundu ya hewa. Unatupia humo maganda ya matunda, mabaki ya mboga, majani ya chai, maganda ya mayai, maua yaliyonyauka, majani makavu, maboksi yaliyochanwa, halafu bakteria na kuvu wanaendelea na shughuli zao mpaka upate kitu cheusi kinachopukutika kisicho na harufu mbaya. Basi.

Sasa kwa nini mtu anunue dude lote hili wakati taka zinabebwa na gari? Hapa ndo watu wengi wanapochanganya mambo. Mtu anakwambia ganda la tunda halina shida dampo kwa sababu si plastiki, litaoza. Litaoza kweli, ila likiwa limefukiwa chini ya marundo ya taka hewa haifiki, na kinachooza bila hewa kinatoa methani, ambayo uzito kwa uzito inanasa joto karibu mara 28 kuliko hewa ya ukaa ukipiga hesabu ya miaka 100, na ukipiga ya miaka 20 inapita mara 80. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilikadiria mwaka 2023 kwamba asilimia 58 ya methani inayovuja kwenye madampo ya taka za mijini kule inatokana na chakula, siyo magodoro siyo viatu, chakula. Na ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inasema mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, madukani, migahawani na majumbani, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mazingira yanaharibiwa na viwanda peke yake, mi siku hizi namuuliza tu ndoo yake ya jikoni ina nini.

Ganda lilelile likioza penye hewa, linatoa hasa hewa ya ukaa ileile ambayo mmea uliivuta wakati unakua, methani inakuwa kidogo sana. Pipa hili kazi yake kubwa ni hiyo, kuingiza hewa. Kuzungusha ni mbadala wa kugeuza lundo kwa uma au koleo, na kwa mtu mwenye mgongo unaouma ni nafuu kubwa, hilo nalisifu bila kinyongo.

Kulifunga ni mtihani. Linakuja vipande vipande, na kila ubao wa plastiki unaunganishwa na mwenzake kwa skrubu ambazo nati yake iko ndani ya pipa, sasa ukishafunga mbao nyingi mkono wako ndo uko ndani unapapasa nati huku mwingine uko nje na bisibisi, nati inadondoka, inabingirika kona ya mwisho, unainama na tochi. Tafuta mtu wa kusaidiana naye na msikaze skrubu zote mpaka duara lote likamilike, kwa sababu mkikaza mapema ubao wa mwisho haukai. Hilo kwenye kijitabu halimo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Ukisoma maoni ya walionunua mapipa ya aina hii utaona malalamiko yanajirudia: linanuka, lina maji maji, kilicho ndani kimekuwa mabonge kama ya matope. Karibu yote hayo yana chanzo kimoja, watu wanaweka vibichi vitupu. Vijidudu vinataka kaboni na nitrojeni kwa uwiano, kaboni kama 25 hadi 30 kwa nitrojeni 1, na mabaki ya jikoni kwa kawaida hayafiki hata 20, yana nitrojeni nyingi na maji mengi. Kinachorekebisha ni vikavu: majani makavu, boksi la kahawia lisilo na utepe wa plastiki, trei za mayai za karatasi, maranda ya mbao isiyopakwa rangi wala dawa. Boksi kaboni yake ni mamia kwa nitrojeni moja kwa hiyo halihitajiki jingi kwa uzito, ila kwa ujazo mi nashauri kila kibakuli cha vibichi kiende na vibakuli viwili au vitatu vya vikavu, ndo uzungushe. Ukisikia harufu ya amonia, ile inayochoma pua, nitrojeni imezidi, ongeza vikavu. Ukisikia ya mayai viza, hewa haipiti, limelowa, ongeza vikavu tena na uzungushe mara nyingi zaidi. Unavyoona jibu ni lilelile. Wangeandika sentensi hiyo moja kwenye boksi wangepunguza nusu ya malalamiko.

Unyevu nao upime kwa mkono: chukua konzi, kamua, inatakiwa iwe kama sponji uliyokwisha kuikamua, unyevunyevu upo ila matone hayatoki isipokuwa moja au mawili. Plastiki nyeusi juani inakausha haraka kuliko unavyofikiri, na kikikauka vijidudu vinasimama kazi, unafungua baada ya muda unakuta majani yako yaleyale yanakutazama. Kwa hiyo kivulini au penye jua la nusu siku.

Kuhusu hizo wiki mbili. Mboji ya haraka ipo, ni ile ya lundo linalopata moto kwelikweli, nyuzi 55 hadi 65, na kwenye viwanda vinavyoozesha mboji ndani ya mitungi mikubwa iliyofungwa wanatakiwa washikilie 55 kwa siku tatu mfululizo ndo wahesabu kwamba vimelea vya magonjwa vimekufa. Lundo kushika joto hilo linahitaji wingi, kwa kawaida watu wanasema kama mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000, ili katikati pafunikwe vizuri. Pipa hili kwenye karatasi ya vipimo ni lita 160 na zimegawanywa vyumba viwili. Lita 80! Joto lote linatoka ubavuni. Linapata uvuguvugu, unaweza kuona mvuke kidogo asubuhi ya baridi ukifungua, lakini moto wa kuua mbegu za magugu hamna. Lipe miezi mitatu hadi sita, kutegemea hali ya hewa na umekatakata kiasi gani, na usiweke magugu yaliyokwisha kutoa mbegu wala mimea iliyokufa kwa ugonjwa, utakuja kuvisambaza mwenyewe shambani.

Vyumba viwili ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Kwenye pipa la chumba kimoja unaongeza kila siku, kwa hiyo kuna vilivyoiva na vibichi vimechanganyika na hakuna siku utasema sasa tayari. Hapa unajaza upande A, ukifika robo tatu unauacha, unazungusha tu, unahamia upande B. B ikijaa A imeiva au inakaribia. Usipitilize robo tatu, kikijaa mpaka juu hakigeuki, kinazunguka kizimakizima pamoja na pipa na hewa haiingii popote, na mboji mbichi ni nzito ajabu, mbao za plastiki zinaanza kupinda pale katikati.

Panya hawajaingia. Hii kwangu ina uzito mkubwa maana lundo la chini ukiweka mabaki ya mezani unawaita wote. Lakini hata hivo nyama, samaki, maziwa na mafuta acha, havitageuka vizuri kwa joto hili dogo. Kinyesi cha paka na mbwa usiweke kabisa, cha paka kinaweza kuwa na vimelea vya toksoplasma na pipa hili haliwezi kuviua. Majivu ya makaa ya mawe pia hapana. Na chunga mbolea ya wanyama au nyasi kavu ambazo hujui zilipuliziwa nini, kuna dawa ya magugu iitwayo aminopyralid ambayo inapita tumboni mwa ng'ombe, inapita kwenye mboji, inafika kwenye nyanya zako na kuzikunja majani.

Vijinzi vidogo vya matunda vipo, siwezi kudanganya. Funika kila ulichoweka kwa vikavu, vitapungua.

Kero niliyonayo na muuzaji ni ile chupa. Chini ya pipa kuna sehemu ya kukinga maji yanayochuruzika, na wanakuuzia chupa ya kukingia wakisema ni chai ya mboji, pulizia mboga zako zistawi. Siyo chai ya mboji. Ni maji ya taka ambazo hazijaiva, yanaweza kuwa na vimelea, usiyaweke kwenye kitu utakachokula kibichi. Kikichuruzika sana maana yake ndani kumelowa, rudisha vikavu. Nimewaandikia wakanijibu kwa ujumbe wa kunishukuru kwa kununua.

Na wanakushawishi ununue pamoja na pipa mifuko "inayooza" ya kuwekea taka jikoni. Hapa nitaongea kidogo maana nimechoka. Neno hilo peke yake haliahidi kitu, halikwambii itaoza wapi wala kwa muda gani. Ipo mifuko yenye alama ya kiwango cha Ulaya EN 13432, ambayo inapimwa kwa mazingira ya kiwanda cha mboji, joto la juu linalodhibitiwa, na inatakiwa iwe imemeng'enywa asilimia 90 ndani ya miezi sita. Kiwanda, siyo lita 80 za kwako. Plastiki ya PLA inayotengenezwa kwa wanga wa mimea inataka karibu nyuzi 58 ndo ianze kuvunjika vizuri. Afu kuna ile ya zamani iliyotiwa dawa ya kuifanya ipasuke vipandevipande, ambayo inageuka tu kuwa plastiki ndogondogo, Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kuanzia Julai 2021. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walifukia mifuko ya aina mbalimbali na mingine wakaining'iniza hewani na mingine wakaizamisha baharini, wakatoa matokeo mwaka 2019: baada ya miaka mitatu ardhini na baharini mfuko ulioandikwa kwamba unaoza bado ulikuwa unabeba bidhaa za dukani. Ule wa kuwekwa kwenye mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, ila ardhini baada ya miezi 27 bado ulikuwepo, japo ukiubebesha mzigo unachanika. Mi natumia ndoo yenye mfuniko, natandika gazeti chini, nikimwaga gazeti linakwenda hukohuko. Pesa ya mifuko nimebaki nayo.

Tukiwa hapohapo kwenye mifuko, maana nawajua wadau mtaniuliza kuhusu ya kitambaa. Ya kitambaa ni mizuri ukiitumia mpaka ichakae. Wakala wa mazingira wa Denmark mwaka 2018 ulipiga hesabu ukakuta mfuko wa pamba ya kawaida unatakiwa utumike angalau mara 52 ndo ulingane na ule mwembamba wa plastiki wa dukani kwa upande wa tabianchi peke yake, na ukihesabu athari zote walizopima inafika mara 7,100. Hesabu hiyo haikugusa takataka zinazoishia baharini, kwa hiyo wanaoitumia kutetea plastiki nao wanaruka sehemu. Ila mtu mwenye mifuko ya kitambaa ishirini mlangoni, kila mkutano analeta mwingine, huyo hajasaidia kitu.

Mbadala wa pipa hili ni upi? Kuna mashine ya umeme ya kuweka juu ya meza ya jikoni, wanaiita ya mboji, usiku mmoja tu. Inakausha na kusaga, basi, kinachotoka ni mabaki makavu ya chakula, ukiyalowesha yanaanza kuota ukungu, bado inabidi yakaoze ardhini. Na inakula umeme. Kuna bokashi ya Kijapani, unapanga mabaki kwenye ndoo isiyopitisha hewa unanyunyizia pumba zenye vijidudu, inachacha, hata nyama inapokea, ila baadaye lazima uifukie, kwa hiyo mtu wa ghorofani asiye na udongo anabaki na ndoo ya kachumbari. Minyoo myekundu kwenye kreti ni mizuri sana kwa nafasi ndogo, haitaki kuzungushwa, inataka tu isipigwe jua na isilishwe kupita kiasi. Na kama una uwanja, chimba shimo, weka, funika. Bure. Sielewi kwa nini hakuna anayelisifia shimo.

Vuno la kwanza nilichekecha kwa wavu wa nusu sentimita hivi, na kilichobaki juu ya wavu kilinifundisha kuliko kijitabu chote. Mbegu za parachichi, sawa, nilitegemea. Maganda ya mayai karibu mazima, kwa hiyo sasa naponda kwanza. Halafu stika za matunda, zile ndogo za duara zenye namba, nyingi ajabu, rangi yake bado inang'aa na namba inasomeka vizuri kabisa kana kwamba imetoka dukani jana. Na vifuko vya chai: majani ya ndani yameisha yote, imebaki nyavu nyembamba laini ya duara au ya mraba, kwa sababu vingi vinachanganywa na plastiki ya polipropilini ili vishikane kwa joto. Kumbe tulikuwa tunaichemsha na kuinywa kila siku. Nimehamia chai ya majani, na stika nazibandua kabla tunda halijafika kwenye bakuli.

Mboji yenyewe ni nzuri, siyo muujiza. Nitrojeni yake ni kama asilimia moja au mbili, usitegemee iwe na nguvu ya mbolea ya dukani, faida yake ni kuufanya udongo ushike maji na kupumua. Changanya sehemu moja na udongo sehemu tatu hivi, usisie mbegu ndani ya mboji tupu hasa kama haijaiva. Na kama ulikuwa unanunua udongo wa vyunguni, angalia umeandikwa nini, mwingi una mboji ya kinamasi, ile inayochimbwa kwenye ardhi oevu ambayo ni kama asilimia 3 tu ya nchi kavu duniani lakini imehifadhi kaboni nyingi kuliko miti ya misitu yote. Kila ndoo unayotengeneza mwenyewe ni ndoo moja haichimbwi huko.

Kitu kingine ambacho hakiko kwenye tangazo: ukibeba ndoo yako mwenyewe mpaka kwenye pipa unaanza kujua nyumba inatupa nini. Kwetu ilikuwa mkate na majani ya saladi. Siku hizi tunanunua kidogo, na upande A unachelewa kujaa, ambayo kwa mazingira ni bora kuliko mboji yenyewe maana chakula kile kilikwisha kula maji, mbolea na mafuta ya lori kabla hakijafika mezani.

Ubora wa vifaa: plastiki yenyewe imara, milango ndo dhaifu, ile ya kuteleza inaingiwa na uchafu kwenye mfereji wake, ukilazimisha inapasuka kona. Wangu umepasuka. Duka liliomba picha, nikatuma, wakaomba risiti, nikatuma, wakaomba picha tena. Nimeubana kwa waya. Skrubu zilizokaribu na matundu zimeshika kutu.

Wa kununua: mwenye uwanja mdogo, mwenye shida ya panya au mgongo, na mwenye chanzo cha uhakika cha majani makavu au maboksi. Wa kuacha: mwenye bustani kubwa, lita 80 kwa mara moja zitakukatisha tamaa, tengeneza boksi la mbao za mabaki. Na kabla hujanunua jipya ulizia la mtumba, watu wengi wanachoka baada ya msimu mmoja wanayauza karibu bure. Ukilikuta, vuta milango yote miwili mpaka mwisho, angalia chuma cha katikati kama kutu haijakila pale kinapokaa kwenye miguu, na omba lizungushwe likiwa na mzigo ndani, maana likiwa tupu kila pipa linazunguka vizuri.